Kabla ya Kununua Pikipiki ya Safari, Itazame Njia ya Iringa

Hapa Dar es Salaam pikipiki imekwisha kuwa chombo cha kila mtu, kama ilivyokuwa baiskeli zamani. Hata hivyo wapo wafanyakazi ambao hawaridhiki na kwenda kazini na kurudi tu. Wanataka chombo cha kuwafikisha kwao: Iringa, Njombe, Songea au Mbeya, chombo chenye tangi kubwa, kioo cha kukinga upepo, na magurudumu yasiyoogopa vumbi wala mawe. Hizo ndizo pikipiki za safari ndefu, na bei ya moja, hata iliyokwisha kutumika, yaweza kumeza akiba ya miaka mingi. Hilo si jambo la kuamuliwa kwa kutazama rangi.

Dukani kila pikipiki ni nzuri. Imesimama kivulini, imefutwa vumbi, haina mzigo, na anayeisifu ndiye anayeiuza. Kwa maoni yangu mizani iliyo bora ni barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, mwendo wa kiasi cha kilomita 500. Katika siku moja tu barabara hiyo inakupa foleni ya mjini, joto la pwani, nyika, bonde kavu, mlima na baridi. Yule asiyeweza kuijaribu pikipiki katika njia nzima na aipitishe njia hiyo kichwani, hatua kwa hatua, kabla hajatoa fedha zake. Nasi tuifuate.

Tuanzie Ubungo, mwezi wa Februari. Daraja la Kijazi lililofunguliwa mwaka 2021 limeipunguzia njia panda ile msongamano wake wa zamani, lakini malori na mabasi yanayoelekea Kimara, Mbezi na Kibaha ni yale yale, na hapa ndipo pikipiki inapoanza kusema ukweli. Injini za pikipiki hupozwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni upepo: silinda imezungukwa na mapezi ya chuma, na hewa inapopita katikati yake hulichukua joto. Ya pili ni maji yanayozunguka ndani ya injini na kupozwa katika rejeta yenye feni. Injini ya upepo ni nyepesi, haina mpira wa kupasuka wala maji ya kuvuja, lakini katika foleni upepo haupo. Injini ya maji hustahimili foleni vizuri zaidi, kwa gharama ya vipuri vingi zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba injini ya maji haina joto. Joto la injini halifi. Huondolewa mahali pamoja likapelekwa pengine, na mara nyingi hapo pengine ni magoti yako. Feni inapoanza kuvuma, hewa ya moto hutupwa pembeni, na kama aliyeibuni pikipiki hakuitengenezea njia nzuri ya kutokea, mpandaji huipokea yote miguuni. Pikipiki zenye silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V zina jambo jingine: silinda ya nyuma imekaa karibu na kiti, na paja hujua. Zile za BMW ambazo silinda zake zimetokeza nje, moja kila upande, huziacha nyonga huru.

Basi mwombe muuzaji muda wa kutosha. Vaa suruali nzito na viatu vya safari, si suruali ya kazini, uingie katika foleni kwa dakika 20 mchana. Tazama mshale wa joto. Ukipanda, feni ikawaka, mshale ukashuka na feni ikazimika, mambo ni sawa. Feni ikivuma na mshale ukaendelea kupanda, mrudishie mwenyewe ufunguo wake kwa heshima. Weka kiganja juu ya tangi na ubavuni mwa kiti pia. Pale ambapo kiganja hakiwezi kutulia, paja halitatulia hadi Morogoro.

Kutoka Kibaha, kupita Mlandizi na Chalinze hadi Morogoro, njia hairingi. Ni mwendo wa kukaa, na kukaa ndiko kunakopima starehe. Tafadhali, msomaji, usilione neno starehe kama anasa. Mtu aliyekufa ganzi vidole hawezi kushika breki kwa wakati, na mtu anayeumwa mgongo hutafuta kufika upesi. Kiti laini sana humdanganya mnunuzi: dakika kumi za mwanzo ni kama godoro, na baada ya saa moja sponji imelala na umekalia bati. Kiti kigumu kidogo, kipana upande wa nyuma, ndicho kinachofaa. Kaa juu ya pikipiki ikiwa imesimama kwa nusu saa nzima, hata kama wauzaji watacheka. Kisha simama juu ya vikanyagio kama mtu anayepita kwenye mashimo: mikono iufikie usukani pasipo kuinama sana. Vikanyagio vilivyo juu mno hukunja magoti, nayo magoti yaliyokunjwa hulalamika kabla ya Chalinze.

Urefu nao ni wa kufikiriwa kwa makini. Pikipiki nyingi za aina hii zina viti virefu. Yamaha Ténéré 700 kiti chake ni milimita 875 kutoka ardhini. Royal Enfield Himalayan ya kwanza, iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na injini ya sentimita 411 za ujazo, ni milimita 800. Tofauti ya milimita 75 yaonekana ndogo katika karatasi, lakini si ndogo unaposimama penye mchanga, umempakia mkeo au mumeo nyuma na begi kila upande. Aidha kuna uzito. BMW R 1250 GS ina kilo 249 ikiwa na petroli. Ikilala chini nje kidogo ya Mikese, wewe na nani mtaiinua? (Huyo abiria wa nyuma naye akae wakati wa majaribio. Familia ngapi zimenunua chombo ambacho mmoja wao hakuulizwa!)

Ukiupita mji wa Morogoro na kuiacha nyuma milima ya Uluguru, barabara inaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na kuikata kwa kiasi cha kilomita 50. Tembo, twiga, nyati na pundamilia huvuka wanapotaka. Mwendo humo ni wa polepole kwa amri na kwa busara pia, maana anayemgonga mnyama hutozwa faini, na mwenye pikipiki aweza kulipa kwa mwili wake kabla ya faini. Zingatia hapa jambo moja tu: hii si sehemu ya kushuka kutengeneza mnyororo. Chombo kinachokutia shaka kiishie Morogoro.

Baada ya mji wa Mikumi na milima ya Iyovi ndipo unapoteremkia lile bonde la mibuyu, kando ya Mto Ruaha Mkuu. Ni mahali pa uzuri wa ajabu. Mibuyu imesimama kwa maelfu juu ya vilima, mikubwa na mizee, na Ruaha Mbuyuni utakuta vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Ni mahali pa joto pia, hasa Oktoba na Novemba kabla ya mvua. Ngozi ya mwanadamu ina joto la kiasi cha nyuzi 34 au 35 za Sentigredi. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo wa safari hukupoza. Ikivuka hapo, upepo hukuongezea joto, na kinachobaki kukupoza ni jasho linalokauka. Kwa hiyo wale vijana wanaofungua shati wapate hewa huyapoteza maji ya mwili upesi bila kujua, kwa kuwa jasho linakauka kabla halijaonekana. Kichwa kinakuwa kizito, macho yanachelewa. Koti jepesi lenye matundu, na maji ya kunywa kila saa, ni sehemu ya pikipiki kama vile matairi.

Mbele ya bonde hilo unasimama mlima Kitonga.

Kitonga ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori yaendayo Zambia, Malawi na Kongo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na yanayoshuka hunuka breki. Mwenye pikipiki anajikuta nyuma ya tela, katika gia ya kwanza au ya pili, akimeza moshi. Upepo haupo, mzigo ni mzito, jua ni la saa tisa. Hayo yote uliyoyapima Ubungo yanarudi kwa pamoja, na safari hii ukiwa umechoka. Mtu aliyeunguzwa miguu kwa saa saba ana hamu moja tu, nayo ni kulipita lori lililo mbele yake. Hamu hiyo, kwenye kona isiyoonyesha kinachokuja, ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Joto la injini na ugumu wa kiti huzungumzwa madukani kama mambo ya kudeka, ilhali hapa Kitonga ndivyo vinavyoamua kama dereva atasubiri au hatasubiri.

Sasa tuseme juu ya kutegemewa. Mashindano ya Paris-Dakar yalipoanza Desemba 26, 1978, pikipiki iliyoshinda ilikuwa Yamaha XT 500 ya Cyril Neveu: silinda moja, inapozwa kwa upepo, hakuna la ajabu ndani yake. BMW walitoa R 80 G/S mwaka 1980, na Hubert Auriol akashinda nayo mwaka 1981. Tangu hapo matangazo ya biashara yametufundisha kwamba pikipiki ya safari ni lazima iwe kubwa. Mabwana shamba wetu walizunguka vijiji miaka mingi kwa Honda XL na Yamaha DT za sentimita 125 za ujazo, nao hawakuhitaji kutangazwa.

Pikipiki mpya za daraja la juu zina vihisio na kompyuta ndogo zinazosimamia petroli, breki na hata mshiko wa tairi. Faida ipo. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi; injini ya kabureta iliyopangiwa pwani huko juu hupata petroli nyingi kuliko hewa na kupoteza nguvu, wakati ile ya kompyuta hujirekebisha yenyewe. Lakini kihisio kikifa Ilula, katikati ya matenga ya nyanya, fundi aliye karibu ana spana na uzoefu wa bodaboda, hana mashine ya kukisoma. Waya wa klachi utatengenezwa hapo hapo. Tairi la tiubu litazibwa. Kwa mfanyakazi wa kawaida, pikipiki ya silinda moja, kati ya sentimita 200 na 450 za ujazo, itamfikisha Iringa akiwa amechelewa saa moja tu nyuma ya ile kubwa, na kesho yake ataweza kurudi. Mwenye uwezo wa zaidi na anunue zaidi, ila kwanza aulize Kariakoo kama chujio la oili, pedi za breki na mnyororo wa aina hiyo vipo rafuni au huagizwa.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho joto hukiua mara kwa mara, nacho ni regyuleta ya umeme. Kikifa, betri hufa pia, na pikipiki ya kompyuta haiwezi kuwaka kwa kusukumwa. Chukua fundi mwenye mita ya umeme. Injini ikiungurumishwa, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Tazama pia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Moshi wa buluu unaoendelea maana yake oili inaungua. Gonga kila spoki kwa spana ndogo, nayo iliyolegea utaisikia kwa sauti yake. Kisha linganisha namba ya injini na ya fremu na zile zilizo katika kadi, moja baada ya nyingine. Kama pikipiki ililetwa nchini na mgeni aliyekuwa akipita, hakikisha ushuru wa forodha umelipwa kabla ya kuzungumza bei.

Na kwa pikipiki iliyotumika, mwambie muuzaji tangu jana yake kwamba asiiwashe mpaka ufike. Ugonjwa wa injini hujificha ikishapata moto. Ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya silinda. Ikiwa ya moto, kunywa chai aliyokuandalia, kisha mwombe mpange siku nyingine.