Kariakoo, Kutafuta King'amuzi Kinachorekodi

Tiketi ya daraja la kawaida kwenye treni ya umeme, Morogoro hadi Dar es Salaam, ilikuwa shilingi 13,000. Niliikata mapema kwa simu, kwa kuwa kila aliyenitangulia kuipanda alinionya kwamba abiria wa kubahatisha huishia kuiona ikiondoka. Sikuwahi kuipanda. Wala sikuwahi kwenda Kariakoo kununua kitu kwa mkono wangu. Sisi wa Morogoro tuna desturi ya kuagiza. Unampa konda wa basi hela na kikaratasi, jioni unakwenda Msamvu kupokea mzigo. Ila mzigo huu haukuagizika, maana hakuna aliyejua aandike nini kwenye kikaratasi.

Shida yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Nyumbani kwa wazazi kuna televisheni moja. Saa mbili usiku baba anataka taarifa ya habari, na saa hiyohiyo mama ana tamthilia yake. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya ndiyo kabisa: kule ikiwa majira ya baridi, mpira unaanza saa tano usiku kwetu, baba yuko usingizini zamani. Mjukuu mmoja akashauri tununue televisheni ya pili. Mama akakataa. "Mkiwa na televisheni mbili, mna nyumba mbili," alisema, na hapo mjadala ukafungwa. Vijana wakasema kila kitu kiko mtandaoni. Kweli kipo, lakini mwenye bando ni wao, na baba hatazami mpira kwenye kioo cha simu.

Stesheni ya Kihonda mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, kitambulisho kinatazamwa, na saa ya kuondoka ikifika hakuna anayesikiliza kisa chako. Baba alitumikia reli ya kati hadi kustaafu, ile iliyoachwa na Wajerumani yenye upana wa mita moja, akaniagiza nimtazamie kama ni kweli hii mpya haimwagi chai. Haimwagi. Ni treni iliyojengwa kufikia kilomita 160 kwa saa, na mkonge wa Kingolwira uliisha kabla sijamaliza kumenya karanga. Ngerengere, Ruvu, Soga, Pugu. Majina aliyozoea kuyataja taratibu, mimi niliyapita kwa pupa.

Kipande nilichokipenda zaidi ni cha mwisho. Treni ikiingia mjini hupanda juu ya daraja refu, na Dar es Salaam inabaki chini yako, mapaa tupu. Kwa mtu anayekwenda kununua king'amuzi, lile ni darasa la bure. Yapo madishi yaliyoinua uso juu kabisa, kwa kuwa satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki inakaa karibu na utosi wetu. Yapo yaliyogeukia magharibi na kuinama zaidi, yakifuata ile ya nyuzi 7. Katikati yake zimesimama antena za kawaida, nyingine zimefungwa kwenye mianzi. Kisichoonekana kutoka juu ni waya zinazoteremka kutoka kwenye madishi hayo kuingia ndani, nazo ndizo zilizokuja kuamua kila kitu.

Kutoka stesheni nilikwenda kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Kariakoo haikuhitaji nitafute duka. Maduka ndiyo yaliyonitafuta. "Dada karibu, flati, sabufa, king'amuzi!" Duka la kwanza nikaomba DVR, nilivyokuwa nimesikia inaitwa. Kijana akaleta boksi jeusi lenye matundu manane nyuma, akauliza nyumba yangu ina kamera ngapi. Ndivyo ilivyo pale: ukitaja DVR unapewa mashine ya kamera za ulinzi, nayo haina habari na televisheni yako. Sema king'amuzi kinachorekodi, mtaelewana.

Duka la pili walikuwa nacho, tena cha Ulaya. Mtumba wa Uingereza, kizuri kwa macho, rimoti yake haijachubuka, bei ya kutupa. Muuzaji alisifu hadi diski yake kwa kiapo. Hakusema kwamba boksi la dishi la kampuni ya kule hutaka kadi ya kule, na satelaiti yanakotoka matangazo hayo huimwagia Uingereza na jirani zake, si sisi. Hata lile la antena si salama: mengi ya zamani yalitengenezwa kwa mfumo wa kwanza wa dijitali, na mitambo inayorusha kwa mfumo wa pili, DVB-T2, hayaioni kabisa. Nikamshukuru nikaondoka. Akanifuata hatua kadhaa akipunguza bei, jambo ambalo lilinithibitishia zaidi.

Ndipo nikafika kwa mzee mmoja Mpemba, duka dogo, amekaa kwenye stuli katikati ya waya zilizoviringishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza: mama, baba, saa mbili usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu badala ya kunionyesha boksi akauliza, "Dishi la nyumbani lina waya ngapi?"

"Moja."

"Basi bei tusiizungumze kwanza."

Akachukua kifuniko cha katoni akachora. Kutazama chaneli moja huku ukirekodi nyingine kunataka tyuna mbili ndani ya boksi, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba matangazo ya satelaiti hushuka kwa namna mbili, ya wima na ya mlalo, na boksi huchagua kwa kupandisha umeme mdogo kwenye waya: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa mlalo. Waya moja inabeba chaguo moja kwa wakati mmoja. Sasa taarifa ya habari ya baba ikiwa wima na tamthilia ya mama ikiwa mlalo, tyuna zako mbili zitagombania waya ileile, na mmoja wa wazazi atakosa. Dawa ni kubadilisha LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi, uweke chenye matundu mawili na kushusha waya ya pili. Au ununue LNB ya kisasa inayohudumia tyuna kadhaa kwa waya moja, lakini hapo lazima boksi lako liwe la kuelewana nayo. "Antena haina ugomvi huu," aliongeza. "Chaneli zote zinashuka pamoja. Splita ya bei ndogo inakutosha."

Nilipita maduka mengi baada ya hapo, kwa kuwa Kariakoo hununui ulipoanzia, na sikumwona mwingine aliyeuliza habari ya waya. Wote walianza na ukubwa wa diski.

Diski nayo ina maneno yake. Saa moja ya picha ya kawaida inakula GB moja hadi moja na nusu. Ya picha ang'avu, HD, inakwenda GB tatu hadi nne. Diski ya GB 500 kwa hiyo inabeba zaidi ya saa mia moja za HD, hata kama kampuni inajitengea sehemu yake. Nani nyumbani atazitazama? Anayenunua ya TB mbili kwa ajili ya wazazi wawili ananunua ghala. Mimi ningetoa hela hiyo kwenye waya na fundi.

Vipo pia ving'amuzi vya bei nafuu ambavyo havina diski ndani ila vina tundu la USB. Unachomeka flashi, unarekodi. Nilivitamani. Mzee alinionyesha kimoja akakikosoa mwenyewe, jambo la nadra kwa mfanyabiashara. Tyuna ni moja, kwa hiyo ukirekodi chaneli unabaki kuitazama hiyohiyo, labda na nyingine chache zinazosafiri kwenye masafa yaleyale. Flashi ikiwa imepangwa kwa FAT32 haikubali faili la zaidi ya GB nne, na mechi moja ya HD inavuka hapo. Boksi jema linaigawa vipande, boksi baya linakuachia kipindi cha kwanza tu. Ukichomeka diski kubwa isiyo na umeme wake, tundu dogo halina nguvu ya kuizungusha. Inalia tiki, tiki, inazima. Na flashi za barabarani zilizoandikwa GB 512, nyingine zina chini ya sehemu ya kumi ya hizo. Zinapokea kila kitu kwa adabu, kisha hazirudishi.

Umeme tulijadiliana kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kifaa kinachorekodi hakizimwi usiku, maana ndio kazi yake. Kikila wati 20 saa zote, kwa mwezi ni yuniti 14 na ushei. Kwa nyumba inayojibana ibaki kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi yuniti 75, hizo si chache. Umeme ukikatika katikati ya mechi hakuna kilichorekodiwa, na diski inayokatiwa ghafla inapozunguka inafupishwa umri. Mzee akanishauri UPS ndogo, si kwa ajili ya kutazama televisheni gizani, bali ili boksi lifunge faili lake salama.

Nikamuuliza swali la baba. Baba alikuwa na deki enzi zake, na sanduku la kaseti analo hadi leo: harusi, mechi za Taifa Stars, hotuba. Deki ile ilikuwa na tyuna yake ya analojia ndani, unaichagulia stesheni inarekodi. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia usiku wa Desemba 31, 2012, deki zikabaki za kuchezea kaseti za zamani tu. Baba alitaka kujua: hiki kipya kitamrudishia sanduku lake?

"Mwambie baba hiki ni cha kuahirisha, si cha kutunza," alisema mzee.

Naona lile ndilo jambo ambalo matangazo ya biashara hayalisemi. Mashine hizi zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1999, TiVo na ReplayTV, Tanzania Bara ilikuwa na miaka mitano tu tangu ipate vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994. Hila yao ilikuwa kuandika matangazo kwenye diski muda wote, hata hujabonyeza kitu, ndiyo maana unaweza kusimamisha mubashara ukafungue mlango. Kwetu zikaingia kupitia kampuni za kulipia kwa mwezi, na mwenye matangazo ndiye aliyeziandikia sheria. Kinachorekodiwa kinafungwa kwa ufunguo ulio ndani ya boksi na kadi yake. Ukiing'oa diski ukaipachika kwenye kompyuta, utakuta makorokoro yasiyosomeka. Boksi likiungua, limeungua na mechi zako. Unanunua mashine ikawa yako kabisa. Kilichomo unakaa nacho kwa ruhusa.

Nilitaka king'amuzi cha namna hiyo hata hivyo, kwa sababu ugomvi wa saa mbili usiku unataka kuahirishwa tu. Tamthilia ya Jumanne mama anahitaji aione Jumatano asubuhi, basi, haihitaji sanduku. Nikachukua chenye tyuna mbili na diski ya kati, LNB ya matundu mawili, waya ya kutosha kuzunguka nyumba na UPS. Bei siitaji, maana Kariakoo bei ya asubuhi si ya alasiri. Kabla sijalipa mzee alikiwasha mbele yangu, akarekodi chaneli mbili akitazama ya tatu niliyoirekodisha kwanza, akanirudishia rimoti nijaribu mwenyewe. Boksi la kurekodi usilinunue limefungwa kwenye nailoni yake.

Kurudi nilikaa na katoni mapajani. Askari wa stesheni alitaka kujua ni nini, nikamwambia, akauliza kama kinaweza kurekodi mechi ya Simba na Yanga ukiwa zamu. Nikasema kinaweza. Akanitajia zamu yake, nikamtajia mtaa wa yule mzee.

Fundi wa Morogoro alipanda juu siku iliyofuata akashusha waya ya pili. Saa mbili usiku baba akatazama habari, taa ndogo nyekundu ya kurekodi ikiwaka kwa ajili ya mama, na mama akakaa palepale kuilinda, kwa kuwa hakuiamini. Asubuhi alitazama tamthilia yake na kugundua raha nyingine: anaweza kuruka matangazo ya sabuni. Baba alijifunza kusimamisha. Alimsimamisha waziri katikati ya sentensi akaenda kunawa mikono, akarudi akamruhusu aendelee.

Kisha mwezi ukaisha kabla hatujalipia kifurushi. Orodha yote ilikuwepo kwenye kioo, mechi na tamthilia, majina na tarehe zake, ila hakuna hata kimoja kilichokubali kufunguka. Nikamkumbusha baba maneno ya Mpemba. Akaniuliza deki tuliiweka wapi.