Mwalimu Aliyecheka

Mimi ni mtu wa Tanga, na riziki imenileta Kiseke, Mwanza, kusomesha Kiingereza kidato cha kwanza. Nilikuja na shahada yangu na sarufi yote kichwani, nikadhani ualimu umekamilika.

Siku moja kijana wa Kisukuma alisimama kutueleza chakula akipendacho. Alitaka kusema wali. Kisukuma hakina sauti ya r, basi akaweka l mahali pake, na neno likageuka kuwa chawa. Darasa zima lilicheka, na aliyeanza kucheka, astaghafirullahi, ni mimi. Tangu siku hiyo kijana hakunyoosha mkono. Baya zaidi, wenziwe nao wakanyamaza. Kila nikiuliza, wote macho chini.

Na watoto hawa wana haki ya kuogopa. Tangu 1967 shule za msingi za serikali, ila chache, husomesha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu. Mtoto akiingia sekondari, ghafla biolojia, jiografia na hisabati zote zamjia kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wachunguzi wawili, Criper na Dodd, waliona kuwa Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo hayo. Sasa mtoto wa namna hii akifungwa mdomo na mwalimu wa Kiingereza, atasoma nini?

Usiku mmoja nikakumbuka habari ya Muawiya bin Hakam, iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Alisema ndani ya sala, akimwombea rehema mtu aliyepiga chafya, na watu wakamkazia macho. Mtume (S.A.W.) alipomaliza kusalisha hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana, alimfahamisha tu kuwa maneno ya watu hayafai ndani ya sala. Nikaona haya mwenyewe kitandani.

Asubuhi nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wenziwe. Kisha nikawasimulia nilivyomwamkia mzee mmoja wa hapa jioni kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi, naye akanijibu taratibu, "mwadila". Walicheka sana, na mara hii kicheko kilikuwa haki yao. Ndipo nikaandika yale maneno mawili ubaoni, nikawaonyesha: kwa l ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu, kwa r ya Kiingereza haigusi popote. Tukatamka sote pamoja.

Kijana hakunyoosha mkono siku ile, wala wiki ile. Wiki ya tatu aliunyoosha, akakosea tena, na akaendelea kusema.