Uvira: Samaki aliyeangukiwa na jiwe

Hapa Uvira samaki ni chakula. Tunajua bei ya ndagala, tunajua mukebuka wa kukaanga, na kuhe mkubwa tunamwekea mgeni. Kwa hiyo nilipomwambia jirani kwamba nyumbani kwa baba mkubwa tunamuuguza samaki, alicheka mpaka akakaa chini. Acha acheke. Habari hii ni ya mtoto pia.

Baba mkubwa ana sanduku la vioo sebuleni, na humo anafuga samaki wachache wa ziwa letu. Ziwa Tanganyika linagusa nchi 4, kina chake kinafika karibu mita 1,470, na wengi wa samaki wake hawapatikani mahali pengine duniani. Huyu wetu wataalamu wanamwita Tropheus duboisi. Akiwa mdogo ni mweusi mwenye vidoa vyeupe. Akikua vidoa vinapotea, kichwa kinakuwa buluu na mkanda mweupe au wa manjano unazunguka mwili. Watu wa Ulaya wanamnunua kwa mapambo. Ziwani anaishi kati ya mawe na kula ukoga wa kijani.

Tangu miezi kadhaa nyumba hiyo imepokea familia ya wahami walioshuka kutoka Hauts Plateaux, mama mmoja na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 11. Bila kutumwa na mtu, alianza kusaidia kusafisha lile sanduku kila Jumamosi. Waliowahi kulala kwa watu wanaelewa: mtoto naye anatafuta kazi ya kufanya ili asionekane anakula bure.

Jumamosi moja alikuwa anavuta maji machafu kwa mpira. Mchanga ulisogea, jiwe kubwa likainama, likambana samaki kwenye kioo. Tulipolitoa, magamba ya ubavu wa kushoto yalikuwa yamebanduka, mkia umechanika, naye amelala upande akipumua haraka haraka. Mtoto hakulia. Aliingia chumbani akaanza kukunja blanketi lao. Mama yake akaniuliza kwa sauti ya chini, «Yaya, muzee atatufukuza?»

Baba mkubwa alitazama maji muda mrefu, kisha akaita, «Mwanangu, acha hilo blanketi. Lete beseni.»

Uvira ina kituo cha utafiti wa maji na samaki, kile tunachokiita CRH, na wazee waliopitia kazi hiyo bado tunao mitaani. Mmoja alikuja jioni hiyo. Maneno yake nayaandika kwa faida ya yeyote anayefuga, hata tilapia wa kwenye kisima.

Beseni lisiwe limewahi kuoshwa kwa sabuni. Maji ya kwanza yatoke mle mle alimozoea. Maji ya bomba yana dawa ya klorini inayounguza mashavu ya samaki, kwa hiyo yakae wazi siku nzima kwanza. Usimshike kwa mkono mkavu, maana ule utelezi wa ngozi ndio nguo yake ya kumkinga na magonjwa. Mchote kwa kikombe. Chumvi kijiko kidogo kimoja kwa litre 5, iyeyushwe kando kwanza. Funika beseni kwa kitambaa chepesi ili atulie, na usimpe chakula siku 2.

Shida ilikuwa hewa. Umeme ulikatika, pampu ikanyamaza. Mtoto akawa anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, ili yaingie na hewa. Alifanya hivyo mpaka usiku wa manane, tukampokea zamu. Mama yake alishika ile ya alfajiri.

Siku ya 3 mkia ulitokea kitu cheupe kama pamba. Ni kuvu. Tukabadilisha robo ya maji asubuhi na jioni, chumvi ikabaki kwa kipimo kile kile. Jirani yule aliyecheka (sasa alikuwa anakuja kila siku) alileta unga wa ndagala amlishe. Mzee alikataa: utumbo wa samaki huyu ni mrefu, umeumbwa kwa ukoga, na vyakula vya nyama vinaweza kumvimbisha tumbo hadi afe. Mtoto akateremka ziwani, akarudi na mawe madogo yenye ukoga. Aliyaweka ndani, tukangoja. Siku ya 6 samaki alianza kukwangua.

Kuvu ilianguka polepole. Wiki ya 3 ukingo mpya wa mkia ulionekana, mwembamba kama nailoni. Ubavuni pamebaki baka la kijivu. Tulimrudisha usiku, taa zimezimwa, mawe yote yamepangwa upya, kwa sababu samaki hawa wanapigania maeneo na mgeni huumizwa.

Wakati wa kupanga, mzee wa utafiti alionyesha kwamba jiwe kubwa lilikuwa limesimama juu ya mchanga. Linatakiwa likae kwenye kioo cha chini kwanza, mchanga uje baadaye. Baba mkubwa alikohoa. «Jiwe hilo niliweka mimi,» akamwambia mtoto. Kisha wakalilaza wawili, mmoja huku na mwingine kule, blanketi likiwa limetandikwa chumbani kama kawaida.