Kidole Gumba cha Baba

Kwa miaka mingi baba alipima upepo wa matairi kwa kidole gumba. La baiskeli analibonyeza. La bajaji anabonyeza, kisha analigonga kwa nyundo na kusikiliza. "Hili linataka kidogo," anasema, na kompresa inanguruma. Geji ya mshale ilining'inia ukutani, kioo kimeingia unjano. Hiyo ilikuwa ya wateja wabishi.

Kisha kisukari kikamletea ganzi vidoleni. Hakutuambia. Tulijua siku mwenye bajaji aliporudi na tairi lililolika katikati tu, pembeni bado zima. Hiyo ni dalili ya upepo kuzidi. Baba alimjibu kwa ukali usio wake. Jioni nikamkuta amekalia rimu, anabonyeza kidole kwa kidole.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna. Nikaamua kumtengenezea geji ya namba, namba kubwa zisomeke bila miwani. Kariakoo nikanunua ubao mdogo wa Arduino Nano, kioo cha kuonyesha namba na sensa ya presha, MPX5700AP. Mama aliposikia nimenunua sensa, akauliza kama nimeajiriwa kuhesabu watu.

Kazi yake ni hivi: upepo ukiisukuma sensa, inatoa umeme kidogo, upepo ukizidi, umeme nao unapanda. Arduino inaugeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023, nami naandika hesabu ya kupata psi. Usiku wa kwanza nikawasha. Mpira umelala mezani, haujaunganishwa popote, lakini kioo kinasema 14.7. Nikalehemu upya. 14.7. Nikabadili waya. 14.7. Nikaanza kumlaani aliyeniuzia.

Kumbe haikukosea. Ile A kwenye jina lake inamaanisha inapima presha yote, kuanzia pasipo na hewa kabisa. Na hapa Dar, karibu na usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa psi 14.7 hivi, usiku na mchana, nasi hatuhisi. Geji ya fundi haihesabu mzigo huo, inapima kilichozidi tu. Nikaongeza mstari kwenye programu: kila kikiwashwa, kabla ya kugusa vali, kisome hewa ya pale kilipo na kuiita sifuri.

Ikaja shida ya pili. Nikiunganisha kwenye tairi, namba inashuka polepole. Siku mbili nilitafuta kosa kwenye programu. Baba akapita, akainamisha sikio. "Kinavuja hapo." Akaleta beseni la maji ya sabuni, na kweli, mapovu. Akakata kipande cha tyubu kuukuu kwa wembe, akakitoboa, akakaza. Namba ikatulia.

Tukajaribu kwenye gari la jirani.

"Baba, pima wewe kwanza."

Akabonyeza, akagonga. "Thelathini."

Kioo kikasema 41.

"Chombo chako kina wazimu, mwanangu."

Akaenda mwenyewe ukutani, akaitoa ile geji ya mshale, akaifuta kwa shati, akanipa nimsomee. Ningeweza kumdanganya.

"Arobaini, baba."

Hakusema kitu. Alikitazama kidole chake, kisha akapunguza upepo hadi nilipomwambia basi. Usiku ule sikulala vizuri. Nilitaka kumpa kitu, nikaona kama nimemnyang'anya.

Asubuhi nilikuta kile chombo, kimo ndani ya kopo la sabuni nililolifanya kasha, kinaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Mteja akaleta bajaji. Baba akabonyeza tairi, akagonga, akanong'ona namba yake. Halafu ndipo akawasha, akasubiri sifuri kama nilivyomfundisha, akaunganisha, akasoma.

Namba yake aliyonong'ona sikuisikia, wala sikumuuliza. Jioni aliniuliza betri zake zinauzwa wapi.