Gwaride Lililopinduliwa: Kutoka Kibwezi hadi Kitui

Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, ni mji wa njia. Wamisionari wa Kiskoti walitua hapa mwaka 1891, reli ikafuata, kisha barabara ya Mombasa. Upande wa Nzaui, Peter Cameron Scott alifungua kituo mwaka 1895, na kanisa lililotokana na kazi hiyo, Africa Inland Church (AIC), limeitawala Makueni hadi leo. Kanisa hilo halikupenda ngoma. Mama mmoja wa sokoni niliyemuuliza habari za ngoma ya kilumi alicheka, akanielekeza ng'ambo ya Mto Athi.

Matatu ikapita Ikutha, ikapita Mutomo. Upande wa Kitui, Wakatoliki ni wengi na kilumi bado ipo: akina mama wazee, ngoma ndefu, hasa mvua ikichelewa. Lakini kilichonileta ni mbeni, mchezo wa vijana.

Kisa chake kinaanzia pwani. Miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa waliunda beni: wakaiga bendi za kijeshi za wazungu, wakajivika vyeo vya mfalme na jenerali, wakashindana mtaa kwa mtaa. Vita vya 1914 vikawazoa Wakamba, wenyeji wa Makueni na Kitui, wengine wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps), wengine askari wa King's African Rifles (KAR). Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi na ufundi wa kuchonga aliouona kwa Wazaramo. Gwaride nalo likaingia katika mbeni: filimbi inaamrisha, mstari unanyooka, halafu ghafla mchezaji anaruka, anapinduka hewani. Sajenti gani angevumilia hayo?

Mwaka 1916, katikati ya vita hivyohivyo, wasanii wa harakati iliyoitwa Dada kule Zürich, Uswisi, walikuwa wakiidhihaki Ulaya iliyojichinja. Richard Huelsenbeck alipiga ngoma kubwa jukwaani na kughani maneno ya kubuni aliyoyaita ya Kiafrika. Dada imeandikiwa vitabu rafu kwa rafu. Mimi naona mpagazi aliyebebeshwa risasi, kisha akaigeuza amri ya kijeshi kuwa mchezo, alikuwa na hoja nzito zaidi, na hakuhitaji kuibuni Afrika.

Kwa hiyo Kitui imetunza ngoma kuliko Makueni? Si kabisa. Siku hizi ngoma za Ukambani huchezwa na wanafunzi wenye sare kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, majaji wakitoa alama, na shule za Makueni zilizoasisiwa na misheni zinashindana humohumo. Mapinduzi yamekuwa somo. Ngoma imepona, ukali wake haukupona.