Daftari na Zamu za Kaptagat

Kwa miaka mingi ushindi wa Wakenya katika mbio za masafa marefu ulielezwa kwa mwinuko wa Bonde la Ufa, hewa yake nyembamba na watoto waliokwenda shule mbio, maelezo yenye ukweli kiasi lakini yaliyomwachia kocha kazi ya kushika saa tu. Mtazamo huo ulianza kulegea Iten, ambako Colm O'Connell, mtawa wa Ireland, aliwasili mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya St Patrick's. Kwa kuwa hakusomea ukocha, alijifunza kwa kutazama mkao wa mwili na mwendo wa mikono, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012, ni tunda la jicho hilo.

Jicho la kocha, hata hivyo, haliwezi kuwa kila mahali, na badiliko kubwa zaidi lilikuja pale mwanariadha mwenyewe alipoanza kutunza hesabu. Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya 1992, alimpa kijana mmoja wa Nandi programu, yaani mpangilio wa mazoezi, bila kumuuliza jina, na kijana huyo, Eliud Kipchoge, akawa anarudi kuomba nyingine kila ilipokwisha. Tangu 2003, mwaka alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000, Kipchoge ameandika daftarini umbali, muda, kukandwa misuli, hata viatu alivyovaa na namna alivyovihisi.

Katika kambi ya Kaptagat, ambako Sang alimfunza Kipchoge, utaratibu huo una pacha wake, nao ni zamu za usafi, ambazo bingwa na mgeni huzishika sawasawa, vyoo vikiwemo. Atakayesema kwamba kusugua choo hakuongezi kasi ya miguu atakuwa amesema kweli, ila atakuwa amekosa kiini cha uwajibikaji, yaani kuwa tayari kuulizwa juu ya ulichokabidhiwa na wale wanaokitegemea. Katika kambi ambamo bingwa haulizwi, ni vigumu kumuuliza chipukizi kwa nini amekatiza zoezi.

Thamani ya mambo madogo ilidhihirika katika marathoni ya Berlin mwaka 2015, soli za ndani za viatu vya Kipchoge zilipochomoka mbioni na kupeperuka vifundoni, akashinda kwa saa 2:04:00 huku miguu ikichubuka. Vienna, mwaka 2019, kila kitu kilipimwa, kuanzia taa zilizoonyesha mwendo barabarani hadi mpangilio wa wadhibiti kasi 41, wakimbiaji waliopokezana kumkinga upepo, naye akamaliza umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40, muda ambao, kwa sababu ya msaada huohuo, haukuhesabiwa kuwa rekodi. Mabadiliko yaliyohesabiwa yalikuwa madogo kuliko hayo: kutoka 2:01:39 mwaka 2018 hadi 2:01:09 mwaka 2022, zote Berlin, sekunde 30 kwa miaka 4 ya madaftari.