Tarehe Kwanza

Mkate wangu unatoka kwenye mashine ya fotokopi. Tangu nilipokimbia Uvira, Kongo, na kupewa kiwanja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nimekuwa nikitoa nakala za vyeti vya shule na barua za rufaa hapa Base Camp. Kazi yangu ya pili hainilipi kitu: nakusanya trakti, zile karatasi za siasa zilizosambazwa usiku katika nchi zetu za Maziwa Makuu, nyingi bila jina la mwandishi.

Wazee huniletea zao zikiwa zimefichwa ndani ya Biblia. Wakishapata nakala, huniachia moja. Nyingine nazipata Mbarara ninapofuata wino. Wauza karanga wa kule hununua makaratasi chakavu kwa kilo, nami huomba kuyapekua kabla hayajakunjwa. Ninayoithamini kuliko zote niliitoa humo. Ilipigwa taipu juu ya stensili, na kila herufi o imekuwa duara jeusi, kwa kuwa chuma cha taipureta kilitoboa stensili yote. Pembeni ina doa la mafuta. Inahusu uraia wa Wanyarwanda wa Zaire, ugomvi uliochochewa na sheria ya Juni 1981, iliyomtaka mtu athibitishe kwamba kabila lake lilikuwa nchini tangu 1885.

Vita vyetu vilitanguliwa na karatasi. Machi 1957 wasomi tisa wa Kihutu, Grégoire Kayibanda akiwamo, walitoa ilani yao Rwanda. 1959 nchi ikawaka, na Nakivale ikaanza kupokea waliokimbia. Mwaka 1980, katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, Rémy Gahutu na wenzake waliasisi chama cha Palipehutu kwa ajili ya Wahutu wa Burundi. Desemba 1990, Rwanda, gazeti la Kangura likachapa amri kumi za chuki dhidi ya Watutsi; mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuja kuhukumiwa Arusha mwaka 2003.

Kijana mmoja anayesoma Mbarara alinisimulia habari za George Thomason, muuza vitabu wa London. Kati ya 1640 na 1661, Waingereza wakipigana wao kwa wao na Waairishi wakiwa wameasi, alikusanya machapisho zaidi ya 22,000. Vijitabu vya mauaji ya Ireland vimo, na vingi vimetiwa chumvi. Alichukua vya pande zote, na juu ya vingi akaandika kwa mkono siku vilipotoka au kumfikia. Leo viko British Library.

Nilimwelewa mara moja. Nami, nyuma ya kila trakti, huandika kwa penseli siku niliyoipata, mahali, na mwaka ambao aliyeileta anasema aliiona kwanza. Jina lake siandiki. Karatasi isiyo na tarehe huzaliwa upya kila palipo na hasira. Anayeiokota hudhani imeandikwa jana, tena kwa ajili yake.

Hapa Wahutu, Watutsi, Wafuliiru na Wanyamulenge huchota maji bomba moja, na kila upande umewahi kunishuku. "Mzee, wewe ni wa nani?" huniuliza. Nawafungulia kabati. Hakuna aliyekosa kukuta humo wanaomtukana, wala hakuna aliyekosa kukuta wa kwao wakitukana.

Juzi kijana alikuja na simu, jasho linamtoka. Kwenye kundi lao la WhatsApp ilikuwa imetumwa picha ya tangazo la vitisho dhidi ya watu wake, naye alikuwa anataka nakala za kubandika ili wote wajihadhari. Nilikuwa na tangazo lile lile kwenye faili, neno kwa neno, limeandikwa nyuma: Uvira, 1998.

"Basi nani amelituma sasa, mzee?"

"Hilo ndilo la kuuliza, mwanangu, kabla ya kubandika."

Akafikiri, kisha akaomba nakala ya lile la kwangu, mbele na nyuma, alirudishe kwenye kundi. Nikamtolea, akalipa bei ya kawaida.